Dumu la Tatu

Verna Corkum alishona matanga ya watu kwa miaka thelathini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba tanga lake limechoka mpaka aulizwe. Ndivyo alivyolelewa. Kwenye Ghuba ya Mahone, huku Nova Scotia, mtu hatii neno katika mashua ya mwenzake, na mashua ya mume ni ya mume, hata kama kila kitambaa kilichomo kimepita mikononi mwa mke. Tabia hiyo ya kuuchunga mdomo ilimpatia wateja kutoka Halifax mpaka Yarmouth, na jina zuri kanisani. Mwaka huu ndipo ilipomtokea puani.

Mumewe, Lorne, alikuwa seremala wa mashua mpaka alipostaafu. Ya kwao, Alma, aliiunda mwenyewe kwenye banda nyuma ya nyumba: futi thelathini na nne, mlingoti mmoja, vitanda viwili na jiko dogo la kuchemshia chai. Aliipa jina la mama mkwe wake, ili apate pa kumfokea bila kujibiwa, alivyosema. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka, lakini siku ya kuishusha majini alikuja na kofia mpya.

Huku kwetu mashua za matembezi hupandishwa nchi kavu mwezi wa kumi, kabla bahari haijachafuka na barafu haijaanza. Siku hiyo kila mwenye mashua huinama nyuma ya chombo chake na kuandika kwenye ubao wa usukani, kwa chaki nene ya maseremala, jina la bandari atakayokwenda kiangazi kijacho. Hakuna anayejua nani alianza mchezo huo. Maandishi hukaa pale chini ya turubai majira yote ya baridi, watu wakipita wanasoma na kumtania mwenyewe, na mwezi wa tano rangi mpya huyafunika. Lakini ukishaandika umejifunga. Asiyekwenda ataitwa kwa jina la bandari hiyo mpaka azikwe. Yuko mzee mmoja anaitwa Bermuda, na hajavuka hata kisiwa cha mwisho cha ghuba.

Lorne hakuwahi kuitwa jina lolote. Alichoandika alikitimiza: Louisbourg, Saint-Pierre, visiwa vya Magdalen, Newfoundland mara tatu. Safari hii alitaka kuandika Azores, visiwa vilivyo katikati ya bahari kuu.

Azores maana yake ni siku kumi na tano au zaidi bila kuona nchi, watu wawili wakipokezana zamu. Anayelala ameyaweka maisha yake mikononi mwa aliye macho, na hakuna jirani wa kumwita. Verna alikubali mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika madirishani, kwa kuwa Lorne alikuwa ameiomba safari hiyo tangu walipooana na yeye hakuwa na sababu ya kukataa. Sababu ilikuja mwezi wa saba.

Walikuwa wanarudi nyumbani katikati ya ukungu, Lorne akiwa usukanini, akamgeukia na kumuuliza kwa upole, "Hivi tunakwenda wapi?" Verna alidhani anamtania, akajibu "Kwa mama yako," na wote wakacheka. Mwezi wa nane, mlangoni mwa bandari yao wenyewe, Lorne alipita upande usiofaa wa boya ambalo alikuwa akilipita tangu ana miaka saba, na mkuku wa Alma ukakwaruza mwamba. Akalaumu maji kupwa. Mwezi wa tisa Verna alisimama mlangoni mwa banda akamwona anapima ubao mmoja mara nne, na mara nne akaandika kipimo tofauti. Seremala wa miaka hamsini! Verna akarudi jikoni akaendelea kumenya viazi. Hakusema kitu, na kila siku aliyokaa kimya ilifanya ya pili yake iwe ngumu zaidi.

Siku ya kuipandisha Alma ilikuwa Alhamisi, na mbingu ilikuwa nzito ya kijivu tangu asubuhi. Mwenye yadi ya mashua, Wade Knickle, alikuwa juu ya kreni yake akiinyanyua mashua kwa mikanda miwili. Wade ni pande la mtu, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Nahodha!" alipaza sauti. "Usukani wako unaandikwa nini mwaka huu? Au bado unangoja ruhusa ya shemeji?"

"Ruhusa nilipewa zamani," Lorne akamjibu kutoka chini. "Wewe lete chaki, mengine hayakuhusu."

"Nasikia ni Azores."

"Masikio unayo, basi sikia."

"Bwana wee! Azores, na mwezi wa nane boya la hapo mlangoni lilikushinda!"

Wanaume waliokuwa wakifunga maturubai jirani wakaangua kicheko. Lorne hakucheka wala hakukasirika. Alimgeukia Verna, na Verna akamwona machoni kwamba anatafuta ni boya gani linalosemwa. Akajishughulisha na kamba.

Alma ilipokaa sawa juu ya magogo na ngazi ikaegemezwa, Verna alitoa daftari. Lilikuwa daftari la jalada gumu ambalo Lorne mwenyewe alilianzisha, ukurasa mmoja kwa kila mwaka, na ndani yake kila kazi ya kuilaza mashua: mafuta, betri, matanga, magodoro, maji. Verna husoma, Lorne hujibu "Tayari," Verna huweka alama. Walikuwa wamefanya hivyo mara thelathini na moja.

"Liweke tu hilo," Lorne akasema.

"Kwa nini?"

"La nini sasa? Yote yamo kichwani, mama. Wewe shughulika na magodoro, mimi nitashughulika na injini na maji. Tutamaliza kabla ya chakula cha mchana."

Alisema kwa furaha, na akapanda ngazi upesi kuliko wanaume wa umri wake. Verna akalirudisha daftari mfukoni mwa koti. Angeweza kushikilia, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Maji yakiachwa ndani ya mashua wakati wa baridi huganda na kupasua kila bomba. Kwa hiyo humwagwa yote, na mahali pake hutiwa dawa isiyoganda. Zipo mbili. Ya waridi hutiwa kwenye tangi la maji ya kunywa. Mtu akiimeza kwa bahati mbaya atakunja uso tu. Ya kijani ni ya injini, na ni sumu. Ubaya wake ni kwamba ni tamu. Miaka sita iliyopita mbwa wa Wade aliilamba ilipomwagika uani. Akashinda akiyumbayumba, watu wakamcheka kwamba amelewa, na siku ya tatu Wade akamchimbia shimo nyuma ya banda akilia waziwazi. Tangu hapo madumu ya waridi hukaa rafu ya kulia ya stoo yake na ya kijani rafu ya kushoto, na mgeni wa yadi huambiwa habari hiyo kabla hajaonyeshwa choo.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya Verna siku zote. Lorne akishatia dawa, yeye husimama kwenye sinki la mashua na kupiga pampu ya mguu mpaka rangi ya waridi itoke bombani, ndipo ajue kwamba dawa imefika mwisho wa mabomba. Huifurahia rangi ile. Kwake ndiyo dalili ya kwamba mwaka umekwisha salama.

Akapiga pampu. Ikatoka hewa, yakatoka maji kidogo, ikatoka hewa tena. Kisha kikatoka kijani.

Alidhani ni mwanga. Akachukua kikombe cheupe cha bati, kile anachonywea chai zamu za alfajiri, akakinga. Kijani kikajaa mpaka nusu, kikang'aa, kizuri kutazama.

"Lorne," aliita. "Hebu njoo."

Lorne akatoka kwenye injini akijifuta mikono. "Imefika?"

"Umetia nini kwenye tangi?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa, Verna. Kwani ziko ngapi?"

Hakuwa anabisha. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa ngapi, na jibu lolote angelipokea. Verna akamwonyesha kikombe. Lorne akakitazama, akachovya kidole, akakipeleka mdomoni ili aonje ni kitu gani.

Verna alimpiga mkono. Miaka arobaini na minne ya ndoa hakuwahi kumwinulia mkono, na kofi lile lilisikika mpaka nje. Akamshika kidole, akakifuta kwa kitambaa, akakifuta tena, akakimwagia maji ya chupa, akakifuta mara ya tatu. Lorne alimwachia mkono wake wote. Alikuwa akiyatazama madumu mawili matupu sakafuni, yenye maandishi ya kijani, na uso ukaanza kumwiva.

"Nani ametia hii humu?" akauliza.

Hapo ndipo Verna angesema. Mdomo ulikuwa wazi, na maneno yalikuwepo. Lakini aliona jinsi midomo ya mumewe ilivyokuwa ikitetemeka.

"Mimi," akasema. "Nimechanganya."

"Mungu wangu, Verna." Lorne akamshika bega, akashusha pumzi. "Uwe mwangalifu, mama. Hii ndiyo iliyomuua mbwa wa Wade."

Akarudi kwenye injini. Verna akabaki amesimama na kikombe mkononi. Alikuwa akiiona safari yote: siku ya nane au ya tisa baharini, yeye amelala, Lorne macho, kisha alfajiri Lorne anamwamsha, anampa chai kwenye kikombe kile cheupe. Angeinywa. Tangu waoane, kila chai ya asubuhi aliyokunywa ilitoka mkononi mwa mtu huyu, na hakuwahi hata mara moja kuitazama kabla ya kuinywa.

Aliposhuka ngazi alimkuta Wade chini, amesimama kimya. Wade na ukimya ni vitu visivyojuana.

"Nimesikia, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Usijali, kesho nitalimwaga tangi lote na mabomba nitayang'oa. Hatajua."

"Ahsante, Wade."

"Lakini Jumanne alichukua kwangu madumu matatu ya kijani. Mimi mwenyewe nilimpa. Mawili yako humo juu. La tatu umeliona?"

"Labda ameliweka kwenye injini."

"Kwenye injini nimeona dumu la waridi." Wade akajikuna shingo. "Litafute, tafadhali."

Verna akaitikia kwa kichwa. Angelitafuta, lakini wakati huohuo Lorne alishuka akiimba, akapiga makofi na kudai chaki yake, na wanaume wakaanza kusogea kutoka kila pembe ya yadi. Walikuwa watano au sita, wakiwa wamejiandaa kucheka. Bermuda mwenyewe alikuja, na fimbo yake.

Lorne akapiga goti nyuma ya Alma. Akaufuta usukani kwa kiganja, kama afanyavyo mbele ya kila ubao anaotaka kuandika. Akainua chaki. Mkono ukasimama hewani.

Mtu mmoja akakohoa.

"Tulisema wapi, Verna?" Lorne akauliza bila kugeuka.

Hakuna aliyecheka. Verna aliwatazama wale wanaume, nao wakatazama viatu vyao. Neno moja tu lilihitajika, na mumewe angekwenda popote alikotajiwa. Verna aliogopa alipoelewa hilo. Hakuwa amewahi kuwa na nguvu nyingi kiasi hicho juu ya mtu yeyote, na hakuzitaka.

"Saint-Pierre," akasema.

"Saint-Pierre?" Lorne akakunja uso. "Si tulishakwenda?"

"Tulikwenda, miaka ishirini sasa. Ukaniahidi tutarudi kula ule mkate wao."

"Ah! Ule mkate." Uso wake ukafunguka. Akaandika kwa herufi kubwa za seremala, zilizonyooka, kila moja na upana wake sawasawa, akarudi nyuma kuziangalia. Siku tatu za safari, nchi kavu karibu upande mmoja, na redio inasikika njia nzima.

"Mkate mzuri kule," Wade akasema hatimaye. Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, mkate mzuri, hata wale ambao hawajafika. Bermuda akamshika Lorne mkono na kuutikisa, akaondoka zake bila utani wowote, na jambo hilo lilimuumiza Verna kuliko kama wangemcheka.

Njiani kuelekea nyumbani Lorne alilala garini. Verna aliendesha huku akijiona mwizi. Alikuwa ameiba safari ya mtu mbele ya mashahidi, kwa kutumia ugonjwa wake mwenyewe, na mwenye mali akamshukuru. Lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na nafuu, na hakuikana: hatakwenda baharini na mtu huyu. Hatari ilikuwa imebaki yadini, chini ya turubai, imefungwa kwa kamba mpaka mwezi wa tano. Wiki ijayo atampigia simu daktari. Alipofika alikuwa amechoka vibaya. Walikula kabichi chachu na soseji za jana, wakalala mapema. Habari ya dumu la tatu ilikuwa imemtoka kabisa.

Asubuhi alisikia mluzi wa Lorne jikoni, na birika linachemka. Akashuka akifunga mkanda wa gauni.

Meza nzima ilikuwa imefunikwa na ramani ya bahari. Lorne alikuwa ameinama juu yake na penseli na rula, miwani puani, akichora mstari kutoka Nova Scotia mpaka Azores. Alikuwa kijana tena.

"Siku kumi na tano," akasema. "Kumi na sita tukipata upepo mbaya. Njoo uone."

"Jana tuliandika Saint-Pierre," Verna akasema.

"Nani? Acha hizo. Tulishakwenda Saint-Pierre." Akacheka, akarudi kwenye mstari wake. "Kunywa chai yako, itapoa."

Kikombe chake kilikuwa mahali pake, na sahani juu yake kuhifadhi joto. Majira ya baridi ni miezi sita. Verna aliona kwamba atakuwa akimwambia Saint-Pierre kila siku, na kila asubuhi atamkuta na ramani hii. Akavuta kiti. Ndipo akaliona.

Dumu la tatu lilikuwa kando ya jiko, baina ya birika na kopo la majani ya chai. Lorne alikuwa amelifuta vumbi. Aligeuza hata maandishi yake yatazame mbele, kwa unadhifu, kama anavyopanga vitu vyake vyote.

Verna aliinuka. Alitembea polepole mpaka penye jiko, akalinyanyua dumu. Lilikuwa zito. Akashika kifuniko, akapitisha kidole kuzunguka ule utepe wa plastiki. Haukuwa umekatwa. Akalirudisha palepale.

Akapumua. Chai ilikuwa chai. Akarudi mezani, akaondoa sahani, akakitazama kikombe: rangi ya maziwa ya mkebe, ileile ya miaka arobaini na minne. Akakiinua mpaka mdomoni. Akakishusha. Akajaribu tena, akakishusha tena, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akaenda kuimwaga sinkini, kisha akachukua na kikombe cha Lorne, kilichobaki nusu, akakimwaga pia.

"Kwani chai yangu mbaya?" Lorne akauliza.

"Hapana. Imepoa tu."

"Basi keti. Keti, nakwambia, jana umefanya kazi nyingi." Akaweka penseli chini, akampapasa begani alipompita. "Nakutengenezea nyingine."

Akachukua birika tupu, akasimama katikati ya chumba. Alilitazama bomba, upande wa kushoto. Alilitazama dumu, upande wa kulia. Kisha akalitazama bomba tena, na Verna akaona kwamba anachagua.